Mstari Mweusi Mpaka Getini

Naliaka,

Sikusalimii. Tulisalimiana asubuhi, ukanijibu ukiwa umenipa mgongo, na mtu akinijibu hivyo salamu zangu zinaisha mpaka kesho yake.

Sasa ni saa tisa mchana. Wewe uko Kitale, umesimama kwa duka la Mhindi unapapasa blanketi kama mtu anayenunua ng'ombe. Mimi nimekaa mahali unapojua, kwa kile kiti kifupi chini ya paa la ghala, na nimeshika kalamu yako. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Usicheke herufi zangu. Ukitaka kuzicheka, zicheke huko chuoni Kibabii nisikokuona.

Sitakufundisha kufua, wala kula, wala mambo ya wavulana. Umejipikia tangu siku zile ulikuwa hufikii sufuria mpaka upande juu ya mtungi, na wavulana wa hapa kijijini Kwanza wanakuogopa kuliko wanavyoniogopa mimi. Naandika kwa sababu ya yale maneno ya asubuhi. Ulisimama mlangoni na ndoo, ukasema, "Kukhu, nani atakuchotea maji? Mimi siendi." Nikakutukana, mimi nyanya yako. Nikasema nimechoka na uso wako, enda chuo, hii nyumba ipate kupumua. Ukaondoka kwa hasira, na hasira yako naijua, haifiki mbali. Jioni utarudi umepoa. Utasonga ugali, utanikanda goti, halafu kesho utafungua lile sanduku la safari na kutoa nguo moja moja, uzirudishe kwa kamba. Na mimi nitakuangalia na kunyamaza, kwa sababu moyo wangu mbaya utafurahi.

Ndiyo maana naandika nikiwa bado na akili. Sikufukuzi, mwanangu. Nisikize mpaka mwisho.

Unakumbuka Daktari Chebet alipokuja mara ya kwanza? Ilikuwa wakati wa kupalilia na wewe ulikuwa shamba la chini, kwa hivyo hukusikia tulivyoongea. Alifungua geti polepole sana, sikumsikia. Akanikuta kwa kiti. Kijana wa watu, viatu safi, mkoba umejaa karatasi. Akasema anatoka chuo kikuu, ati wanafanya utafiti kujua watu wa huku wanatembea namna gani, wanakaa namna gani, wanalala namna gani.

Nikamwambia, "Wee mtoto, wazazi wako walikupeleka shule ukasomee kulala?"

Akacheka. "Ndiyo, mama. Na kukaa pia."

Nikampenda hapo, kwa sababu hakukasirika. Akaanza maswali. Maji mnatoa wapi, unalima kwa mkono ama kwa trekta, kwenda sokoni unachukua muda gani. Nilijibu yote vizuri. Halafu akaniuliza, "Sasa mama, kwa siku ya kawaida, unakaa chini kwa muda gani?"

Naliaka, sikiza. Yeye aliuliza kama mtu anauliza una kuku wangapi. Mimi nilisikia sauti ya mama mkwe wangu.

Huyo hukumpata. Alikufa kabla mama yako hajaota meno. Mimi nilitoka kwetu upande wa Bungoma nikiwa mdogo kuliko wewe, nikaletwa huku kuolewa, na katika nyumba yake mimi sikuwa na kiti. Yeye alikuwa na chake, baba mkwe alikuwa na chake, wageni walikuwa na vyao. Mimi nilikula nikichuchumaa karibu na moto, nikiwa tayari kuinuka. Ukikaa akakukuta, alikuwa anasimama mbele yako na kukuangalia miguu. "Umeugua? Ama ni uvivu tu?" Kama umeugua, unapelekwa kwenu. Kama ni uvivu, watu wote wanaambiwa mtoni. Basi nikajifunza kutokaa. Nilimenya viazi nimesimama. Nilinyonyesha nimesimama, Mungu anaona. Nilipokuja kupata kiti changu mwenyewe miguu yangu ilikuwa imesahau kazi yake.

Kwa hivyo Daktari alipouliza, nikajibu haraka: "Mimi sikai."

"Hata kidogo, mama?"

"Nikila tu."

Na wakati nasema hivyo nilikuwa nimekaa! Nilikuwa nimekaa tangu kunywa chai. Yeye aliandika tu kwa karatasi yake, hakuinua hata nyusi. Hao watu wa chuo kikuu wamefundishwa adabu.

Halafu akatoa kile kidude. Chekundu, kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwa mkanda wa lastiki. Akasema nikivae kiunoni siku saba, mchana na usiku, nitoe nikioga tu. Hakisikii maneno, alisema, kinahesabu tu mwili unavyotikisika. Na akanipa daftari niandike saa ya kulala na saa ya kuamka. Ni hili daftari unalosoma. Alichukua nakala ya kurasa za mbele, akaniachia lenyewe. Ukizifungua hizo kurasa utaona nimeandika kila siku, nililala saa tatu, niliamka saa kumi na moja. Saba zote zinafanana. Hata mtoto wa nasari angejua ni uongo.

Alipoenda nikakaa na kile kidude mkononi, nikaona nimekwisha. Mdomo wangu nimeuzoea, unanitii. Lakini kiuno nitakiambia nini?

Kwa sababu wewe unajua na mimi najua. Tangu nilipoanguka kule mtoni na mtungi, miaka miwili sasa, mimi si mtu wa kutembea. Natoka kitandani mpaka kwa kiti, natoka kwa kiti mpaka kitandani, na choo ni safari. Hospitali ya Kitale walitaka kulifungua goti, nikakataa, nikawaambia watu ni baridi. Na ulinisaidia kuficha. Jembe tuliliegemeza hapa karibu na kiti, ndio mtu akiingia aone nimetoka shambani sasa hivi. Zile gumbuti zangu za mpira, za kijani, nilikuwa nakuambia uzivae wewe ukienda kupalilia, jioni uziweke mlangoni kwangu na tope lake. Watu wakipita wanasema, "Kukhu, leo pia ulikuwa shamba?" Nami nasema, "Sasa nani atanilimia?" Na wewe uko hapo nyuma unakamua ng'ombe, unanyamaza.

Sikuwahi kujiuliza huo unyamavu ulikuwa na nini ndani.

Jioni ile nikakuita. Nikakuambia mkanda unanibana tumbo, nivalie wewe.

"Kukhu, si hiyo ni uongo?"

"Uongo ni wa mdomo," nikakuambia. "Huu ni mkanda."

Ukaufunga. Kama vile gumbuti. Siku saba ukabeba kiuno changu shambani, mtoni, sokoni, kwa ng'ombe, na usiku ukalala nacho. Mimi nilikaa hapa nikiita. Naliaka, kuni. Naliaka, yule ndama. Naliaka, nani anaita kwa geti? Nilikuwa sina miguu, nikatumia jina lako badala yake. Nikilitaja tu kitu kinafanyika kule ng'ambo ya ua. Jina la mtu si la kutumiwa hivyo, lakini nililitumia.

Daktari akarudi, akachukua kidude chake, akaenda. Baadaye, mahindi yakiwa yameanza kubeba, akaja tena na karatasi. Safari hiyo nilisikia geti, nikasimama, nikashika mlingoti wa ghala kama mtu anayeenda mahali.

Karatasi ilikuwa na mistari saba, mmoja kwa kila siku. Akanionyesha kwa kidole. Pale penye weusi, mwili ulikuwa kazini. Pale penye weupe, mwili umetulia. Mistari yote saba ilikuwa myeusi kama chungu. Weupe ulikuwa kipande kidogo tu cha mwisho, kama ukucha.

"Mama," akasema, "huu weupe ndio usingizi wako. Ni mdogo sana. Na hapa mchana, angalia, hakuna mahali umepumzika. Nimeona karatasi za vijana wenye nguvu hazifiki hivi. Mtu wa umri wako atakufa na kazi hii. Nani anakusaidia hapa nyumbani?"

Nikasema, "Niko na mjukuu."

"Yeye anafanya nini?"

Naliaka, unajua nilijibu nini? Nilisema, "Anajaribu." Nikasema hivyo. Na wewe wakati huo ulikuwa unatoka mtoni, nakuona kwa macho yangu, maji kichwani na majani ya ng'ombe mgongoni.

Halafu akaonyesha kitu kingine. Katikati ya ule weupe mdogo palikuwa na alama nyembamba nyeusi, kila usiku, mahali pale pale. "Hapa saa nane ya usiku unaamka," akasema. "Unatembea, unasimama kwa muda, unarudi. Ni nini hii?"

Nikasema ni choo.

"Choo kiko wapi?"

Nikamwonyesha, hapo nyuma ya jikoni. Akaangalia choo, akaangalia karatasi. "Hatua ni nyingi, mama," akasema, akaniachia karatasi.

Sasa mtu mwenye akili, baada ya kuonyeshwa hivyo, angenyamaza na karatasi yake. Mimi? Jumapili niliifunga kwa leso nikaipeleka kanisani, tulivyobebwa na baiskeli ya boda, unakumbuka. Baada ya ibada nikaifungua mbele ya akina mama. Nikawaambia chuo kikuu kimenipima, kikaona hakuna mwanamke hapa anafanya kazi kama mimi. Wakapiga vigelegele. Wakaniita Mama Mashine. Nilijaa kama mkate. Wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni umeshika fimbo yangu.

Jirani yetu Mama Wanyonyi peke yake ndiye alikataa. Unamjua mdomo wake. "Mashine gani hii?" akasema. "Mimi nikifungua dirisha langu asubuhi naona Kukhu kwa kiti. Nikilifunga jioni naona Kukhu kwa kiti. Ama hiyo mashine inafanya kazi ikiwa imezimwa?"

Akina mama wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikamwambia ana wivu. Nikamwambia na yeye apimwe tuone kama kile kidude hakitalala usingizi kiunoni kwake. Wakacheka tena, upande wangu sasa, na nikarudi nyumbani nikiwa nimeshinda.

Lakini ile alama nyembamba haikunitoka kichwani. Nilijua nyumba hii hakuna mwingine anaamka saa nane.

Nikangoja. Usiku wa kwanza nililala nikashindwa. Usiku wa pili nikajiwekea maharagwe makavu chini ya mgongo, yakanichoma, sikulala. Nikasikia mlango wako. Nikasikia miguu mitupu kwa ua, ikapita jikoni, ikapita choo. Ikapita ng'ombe, naye hakulia, kumbe amezoea. Halafu nikasikia komeo la geti. Unalivuta polepole sana, kama mtu anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto. Geti likafunguka. Halafu kimya.

Nilingoja nisikie miguu ikienda barabarani. Haikuenda. Ulisimama tu pale. Sijui kwa muda gani. Halafu komeo tena. Miguu tena. Mlango. Saa kumi na nusu ukaamka ukakamua, ukaniletea chai, ukauliza nimelalaje.

Nikakuambia, "Vizuri. Chai haina sukari."

Ilikuwa na sukari.

Usiku uliofuata ulienda tena, na wa kufuata pia. Na mimi nikilala pale gizani nikiwa na mguu wangu kama gogo, nilijua unafanya nini, kwa sababu nimefanya. Kwa mama mkwe wangu hakukuwa na geti, kulikuwa na miti miwili ya ua na mwanya katikati. Nilikuwa nasimama kwa ule mwanya watu wakilala. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuondoka. Mwisho nikaondoka kweli. Nilitembea siku mbili mpaka kwetu Bungoma, mimba ya mama yako tumboni. Baba yangu alikuwa amekaa nje anatengeneza mpini. Hakuniambia karibu, hakuniambia keti. Aliweka mpini chini, akavaa koti, akanirudisha mwenyewe, ananitanguliza mbele kama mbuzi. Njiani hakunipiga wala hakunitukana. Alisema mara moja tu, "Watu watasema nini?" Nilipofika hapa mama mkwe alikuwa kwa kiti chake. Aliniangalia miguu.

Mambo haya hakuna mtu nilimwambia. Mama yako hakuyajua, na labda angeyajua asingefanya vile alifanya. Yeye pia nilimkataza. Alitaka kujifunza ushonaji mjini, nikasema ngoja tuvune. Tukavuna, nikasema ngoja tupande. Siku moja alienda mtoni. Nilipoona anachelewa nikafuata huko, nikakuta mtungi umejaa maji, umefunikwa vizuri, umewekwa kivulini. Yeye hayuko. Nikarudi nikakukuta wewe kitandani kwangu, umelala, mguu mmoja nje ya blanketi. Hukuwa na miaka miwili. Sasa yuko Kapsokwony na mume na watoto wengine, anakuja Krismasi, anakaa nusu siku, na tukiongea tunaongea habari ya mvua. Miaka hii yote nimesema ni mtoto mbaya aliyetupa mtoto wake. Nimekuambia wewe hivyo, tena mara nyingi. Leo nakuambia: alikujazia maji ya kunywa kabla hajaenda. Alifunika mtungi. Mtu anayetupa hafuniki.

Na baada ya hayo yote, ile barua yako ya Kibabii ilipokuja mwaka jana nikafanya nini? Nikasema ngoja tuvune. Neno lile lile, mdomo ule ule. Ukasema sawa Kukhu. Ukaandikia chuo wakusubiri, ukarudi kwa ng'ombe. Nikakusifu kwa watu kwamba una heshima. Hiyo haikuwa heshima. Ulikuwa umefungwa, na mimi ndiye nilishika kamba, nikiwa nimekaa.

Wiki mbili zilizopita nilimwita Mama Wanyonyi, nikamwomba simu yake. Namba ya Daktari iko chini ya ile karatasi. Huyo mama hakutoka, alisimama hapo hapo masikio yamesimama kama ya punda, na mimi siwezi kuinuka niende pembeni, kwa hivyo nilikiri kwa watu wawili kwa simu moja. Nikasema, "Daktari, zile hatua si zangu. Ni za mjukuu wangu. Mimi siwezi kutembea. Mimi nakaa."

Mama Wanyonyi akafungua mdomo, nikamwonyesha kidole, akaufunga.

Nikasikia Daktari akipekua karatasi. Halafu akasema, "Asante kwa kuniambia, mama. Hiyo karatasi nitaitoa kwa zingine." Nikafikiri imeisha. Akauliza, "Na huyo msichana anaendeleaje? Kwa sababu zile hatua kuna mtu alizitembea. Na ule usingizi ni wa mtu."

Nikasema, "Anaenda chuo."

Nilisikia mdomo wangu ukisema kabla mimi sijakubali. Ndivyo ulivyopata ruhusa, Naliaka. Ilinitoroka. Na jioni nilipokuambia uandike Kibabii kwamba unakuja, nilikuambia kwa matusi kwa sababu njia nyingine siijui. Ulifikiri nimekuchoka. Umebeba hayo wiki mbili, nimekuona ukiyabeba.

Sasa kuhusu maji, kwa sababu najua ndiko umesimama. Mama Wanyonyi atachota. Nilimwomba. Mimi nilimwomba yule mwanamke, na alinifanya nirudie mara mbili ati hakusikia vizuri. Atakamua pia, nusu ya maziwa ni yake na umbea wote ni wake. Mahindi yatavunwa na kikundi cha akina mama, na yale yatakayobaki shambani yatabaki. Goti nitalipeleka Kitale walifungue, Daktari ameniandikia jina la mtu wa kumwona. Naogopa. Sasa umejua, usimwambie mtu.

Na jambo lingine, na hili ulishike kuliko yote. Kibabii si mbali. Ni upande wa kwetu kule, mtu akitoka asubuhi anafika kabla ya chakula cha mchana. Huo ukaribu ndio mbaya. Mimi nitakuita. Najijua. Mvua ikianza kuharibu mahindi, nitakuita. Mama Wanyonyi akichelewa na maji nusu saa, nitakuita. Nitachukua simu yake nitaflashi ile simu yako ya mtumba, mara moja, mara mbili, mara kumi. Usipige. Nitatuma watu wakuambie Kukhu ni mgonjwa. Muulize mtu huyo, "Mama Wanyonyi amesema?" Kama ni mimi nimesema, kaa huko. Kama ni yeye amesema, njoo, kwa sababu yule ana kasoro zote za dunia lakini hadanganyi. Nitakutukana nikikuona Krismasi. Nitukane na wewe, tutakula.

Na huko ukae. Kwa kiti. Mtu akipita, usiinuke. Ulale mpaka jua likukute, na usiku wa manane ukiamka kwa mazoea, ugeuke upande mwingine. Sikuambii kama adabu. Mimi nilikuibia huo usingizi na sina namna ya kuurudisha, basi chukua mwenyewe.

Daktari alileta mkanda mwingine Jumanne ukiwa umepeleka maziwa. Safari hii nimeuvaa mimi. Uko hapa kiunoni chini ya gauni, umenikanda goti kila usiku na hukuuona. Nilimuuliza, "Utaona nini? Ni mtu amekaa." Akasema, "Hata kukaa tunataka kuona, mama. Ndiyo kazi yenyewe." Basi ataona. Karatasi yangu itakuwa nyeupe kama shuka la hospitali, na hiyo nitaipeleka kanisani nayo, Mama Wanyonyi apate siku yake.

Lakini kesho asubuhi kuna alama moja nataka iwekwe. Gari linapita saa moja. Usinisubiri mlangoni na usinishike mkono. Tangulia na sanduku lako. Mimi nitatoka kwa kiti nipite jikoni, nipite choo, nipite ng'ombe, mpaka getini. Sijafika huko kwa miguu yangu tangu nianguke. Zile gumbuti nimezisafisha mwenyewe leo nikiwa nimekaa, hazina tope. Nikichelewa, ngoja. Ukiniona nalia, ni goti.

Tukifika utavuta komeo vile unavyojua kulivuta, lakini usilivute polepole. Livute lipige kelele. Halafu utoke, na usigeuke, kwa sababu kurudi kwangu kutachukua muda na sitaki kuangaliwa.

Geti liache wazi. Nitalifunga mimi.

Daftari hili nimeliweka ndani ya sufuria ya ugali, ulikute kabla hujawasha moto. Ukimaliza kusoma usije kunikumbatia. Pika, nina njaa.

Kukhu wako